Bilioni 10 kwa darubini, watoto wawili kitanda kimoja?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, mara nyingi zamu ya usiku. Juzi nilisoma kwamba darubini ya James Webb imegharimu dola bilioni 10, nyingi zikiwa kodi za wananchi, ili kutazama nyota ambazo hakuna atakayezifikia. Usiku huohuo tuliwalaza watoto wawili kitanda kimoja. Hii ni haki kweli? Na lau ungekuwa mbunge, ungezipitisha fedha hizo?
Muuguzi wa Zamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Wale watoto wawili hawakuniacha.

Swali lako lilishafikishwa mlangoni pa roketi yenyewe. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11, chombo kilichowapeleka watu wa kwanza kutua Mwezini, kuruka, Mchungaji Ralph Abernathy, aliyemrithi Martin Luther King katika uongozi wa harakati zake za kutetea haki za Wamarekani weusi na maskini, alifika Cape Kennedy, kituo cha kurushia roketi, na familia maskini na nyumbu (baghala) wa kukokota. Mkuu wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, Thomas Paine, akatoka kuwalaki uwanjani. Aliwaambia kwamba kama kuacha kubonyeza kitufe cha kurusha roketi kungeondoa umaskini, wasingekibonyeza. Abernathy naye akawaombea wanaanga wasafiri salama.

Jibu la Paine lina ukweli. Mwaka 1966 NASA ilichukua zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali ya Marekani. Leo haifikishi hata nusu ya asilimia moja. Fungu limepungua kiasi hicho, na maskini wa Marekani bado wapo. Fedha iliyonyimwa roketi haitembei yenyewe hadi wodini. Lazima mtu aipeleke. Lakini jibu hilo halijawahi kunitosha. Linasema tu kwamba roketi si mwizi. Halisemi kwa nini umma uilipie.

Ngoja nikueleze niliyoyaona mwenyewe, maana nimechora ramani maisha yangu yote ya kazi. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972 kupiga picha za nchi kavu. Nilipoajiriwa, miaka ya 1980, picha hizo zilikuwa zimekabidhiwa kampuni binafsi iziuze. Hoja ilikuwa hii unayoisikia mpaka leo: anayezitaka azilipie, mlipa kodi apumzike. Bei ya picha moja kamili ikapanda hadi zaidi ya dola 4,000. Ofisi yetu ilinunua moja, tukaitumia miaka sita, mpaka nakala zake zikachakaa pembe. Tukachora mto mahali ulipokuwa zamani, ilhali ulishahama mkondo. Kijiji kilichokaa salama kwenye ramani yetu kilikuwa ukingoni kabisa mwa maji. Mkono uliochora ni huu ninaokuandikia, na jambo hilo bado linaniuma.

Mwaka 1992 sheria ya Marekani ilizirudisha setilaiti hizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2008 hazina yote ya picha ikaanza kufunguliwa bure. Picha zilizokuwa zikinunuliwa kwa makumi kwa siku zikachukuliwa kwa maelfu. Anayetabiri mafuriko, anayepima mavuno, mtafiti wa malaria anayesaka madimbwi ya mbu, wote wanafungua picha zilezile. Hakuna mfanyabiashara ambaye angeweka mtaji wake angani miaka 36 kisha agawe bure.

Utaniambia Webb haitazami mito. Kweli, na hapo sina faida ya mfukoni ya kukuonyesha. Naiunga mkono kwa sababu kutaka kujua nyota za kwanza ziliwakaje ni kiu ya binadamu wote, na hakuna tajiri anayedaiwa kuikata peke yake. Kinachonikera ni hesabu. Mwanzoni ilitarajiwa kuruka 2007 kwa takriban dola bilioni moja. Iliruka 25 Desemba 2021. Mwaka 2023 India ilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, kwa chombo cha Chandrayaan-3, kwa takriban dola milioni 75. Najua kazi hizo mbili hazilingani, lakini hiyo ndiyo nidhamu ya matumizi ninayoidai.

Kura yangu, basi. Setilaiti zinazotazama dunia ningezipitisha bila kusita. Darubini na vyombo visivyo na watu ningevipitisha kwa kikomo cha gharama kilichoandikwa, na anayetaka kukivuka arudi mbele ya bunge ajieleze hadharani. Safari za watu kwenda Mwezini ningezikatalia mpaka nielezwe mtu atafanya nini kule ambacho mashine haikiwezi. Na vitanda vya wodi yako ningevidai siku hiyohiyo, kwenye fungu lake la afya, bila kuvisubirisha masalio ya roketi.