Jibu: Nitajuaje kama ni mapenzi ya Mungu au ni tamaa yangu ya cheo?

Bwana asifiwe, ndugu yangu. Umeuliza kama cheo unachokiombea ni mapenzi ya Mungu au ni tamaa yako. Kwanza iangalie sala yenyewe: je, ina nafasi ya jibu la "hapana"? Usiifiche haja yako, kwa maana Bwana Yesu aliomba waziwazi kikombe cha mateso kiondolewe, ndipo akasema, "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke" (Luka 22:42). Kisha soma 1 Mambo ya Nyakati 22, ambapo Daudi, aliyekatazwa kujenga hekalu alilolitamani sana, alimwandalia mwanawe Sulemani, aliyepewa kazi hiyo, mawe, chuma na miti ya mierezi. Mimi hujipima hapo hapo: je, naweza kumsaidia kwa moyo mweupe atakayepewa nafasi niliyoitaka? Cheo kikikudai udanganyifu, usingoje ishara nyingine.