Bangkok kwa Siku Chache: Tafuta Sahani Kwanza, Kitanda Kitafuata

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji wa Tanga mwenye duka la nguo za kike, ambaye anajiandaa kwenda Bangkok kwa mara ya kwanza kununua mzigo. Aliniuliza mambo mawili tu: alale wapi, na ale nini, kwa kuwa yeye ni Mwislamu na ameambiwa kwamba kule kila chungu kina nguruwe. Alimalizia kwa kusema kwamba kuna mtu aliyejitolea kumpangia safari yote kwa ada, na kwamba mtu huyo amemshauri abebe unga, dagaa na jiko dogo la umeme. Ujumbe huo ulinigusa panapouma, na nimeona nimjibu hapa hadharani, kwa sababu najua mko wengi mnaoipigia hesabu safari hiyo hiyo kwa mtaji ule ule wa kuungaunga.

Mimi mwenyewe nilipelekwa Bangkok mara ya kwanza na mtu wa namna hiyo. Alitukusanya wafanyabiashara wa Kariakoo, wanawake watupu, akatutoza ada, akatulaza katika hoteli iliyokuwa nje kabisa ya jiji upande wa uwanja wa ndege, mahali pasipo na kituo cha treni wala mpishi yeyote tuliyeweza kuelewana naye. Kila asubuhi tulikaa katika gari lake la kukodi, kwenye foleni ya Bangkok ambayo mtu haijui mpaka aione, na tulipofika sokoni wanunuzi wa jumla walikuwa wameshachagua rangi nzuri na saizi kubwa. Jioni tulirudi tukiwa hoi, tukala tambi za kopo kutoka dukani, tukalala. Nilipomuuliza kwa nini tusihamie karibu na soko, alinijibu mbele ya wenzangu kwamba mwanamke akiachwa peke yake Bangkok atapotea kabla ya adhuhuri. Siku ya kuondoka ndipo mhudumu wa mapokezi alipotueleza kwamba bwana yule alikuwa akilipwa fungu lake kwa kila chumba tulichokilalia. Kauli yake ile sijaisahau, na sioni sababu ya kuisahau.

Tangu hapo ninakwenda peke yangu. Wauzaji kadhaa wa Pratunam, soko la nguo la Bangkok, wananijua kwa sura, na wanawake wa Dar es Salaam, Mombasa na hata Bujumbura hunipigia simu kabla ya kukata tiketi. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia wao.

Watu karibu wote huanza kwa kutafuta hoteli ya bei nafuu, kisha wakishafika ndipo wanapoanza kuhangaika na chakula. Mimi hufanya kinyume chake. Natafuta kwanza mahali ambapo nitakula kwa amani asubuhi na usiku, kisha nachukua chumba ninachoweza kukifikia kwa miguu kutoka hapo. Katika safari fupi huna nafasi ya kuzoea jiji. Ukilala mbali na chakula chako, utakula ovyo au utashinda na njaa, na mwenye njaa hununua vibaya: hahesabu vipande, hakagui mishono, anataka tu kumaliza aondoke.

Kwa anayekwenda kununua nguo, mahali hapo ni wilaya ya Ratchathewi. Soko la Pratunam limo humo humo, pamoja na jengo kubwa la Platinum ambako maduka mengi hukupa bei ya jumla ukichukua vipande vitatu na kuendelea. Mwendo wa kama robo saa kwa miguu kutoka hapo, ukiifuata barabara ya Phetchaburi kuelekea kituo cha Ratchathewi cha treni ya juu, utakuta kichochoro kinachoitwa Phetchaburi Soi 7. Ndani yake kuna msikiti wa Darul Aman, na kando ya kichochoro hicho Waislamu wa Thailand wanapika na kuuza chakula. Hakuna atakayekushangaa ukiingia na mtandio wako, na huna haja ya kumhoji mtu kuhusu nguruwe.

Agiza khao mok gai, ambayo ndiyo biriani yao. Mpishi hufunua sufuria pana, mvuke ukatoka na harufu ya manjano na hiliki, akachota wali wa rangi ya dhahabu, akaulaza juu ya paja la kuku, kisha akanyunyiza vitunguu vya kukaanga vilivyokauka vizuri. Pembeni huweka vipande vya tango na kibakuli cha mchuzi wa kijani uliosagwa kwa nanaa, giligilani, pilipili na siki. Mchuzi huo ni mtamu na mkali kwa wakati mmoja, nawe usiumwage wote juu ya wali kabla hujauonja. Sahani hiyo mimi huilipia kati ya baht 50 na 80, baht ikiwa ndiyo fedha ya Thailand. Ukiwa na uchovu wa ndege, agiza pia supu ya mkia wa ng'ombe, ambayo ni nyepesi, ina ndimu na pilipili, na inakurudishia nguvu upesi kuliko dawa yoyote ya mafua. Mchana, vibanda vya roti hukaanga chapati nyembamba yenye ndizi na yai ndani, wakaimiminia maziwa mazito ya kopo. Na ukikuta pameandikwa massaman, usiogope jina. Ni mchuzi mzito wa nyama, viazi, karanga, mdalasini na hiliki, na mtu wa pwani ataumaliza pasipo kuuliza maswali.

Waislamu hawa hawakufika hapo jana. Nyuma ya kichochoro hicho, kando ya mfereji wa Saen Saep, kuna mtaa wa Ban Krua, ulioanzishwa na Wacham, Waislamu waliotoka upande wa Kambodia na kupewa ardhi hapo katika enzi za mfalme Rama wa Kwanza. Walikuwa wafumaji wa hariri, na ni kwa wafumaji hao Mmarekani Jim Thompson alinunua hariri aliyoiuza duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, hata akajenga nyumba yake ng'ambo ya mfereji huo, akiitazama Ban Krua. Yeye alitoweka mwaka 1967 huko Malaysia na hakuonekana tena, lakini nyumba yake sasa ni makumbusho na mtaa bado upo. Mfanyabiashara wa vitambaa anayefika Bangkok akaondoka bila kupita hapo anajinyima kitu, hata kama hatanunua chochote.

Ukitoka nje ya eneo hilo, tazama alama ya halali ya Thailand, ambayo ni umbo la almasi lenye mistari ya wima na neno la Kiarabu katikati. Utaikuta kwenye vibanda vya barabarani, kwenye pakiti za dukani, na mara nyingi kwenye kibanda kimoja au viwili katika kumbi za chakula za ghorofa za juu za majengo ya biashara. Pasipo na alama, usitegemee macho yako. Mboga za majani zinazoonekana safi kabisa huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na supu ya tambi za kuku huweza kupikwa kwa mifupa ya nguruwe. Andikisha sentensi ya "sili nguruwe wala mafuta yake" kwa Kithai katika simu yako ukiwa bado nyumbani, kisha uwaonyeshe wapishi. Ukijaribu kuitamka mwenyewe huenda usieleweke, maana Kithai kinategemea sana kupanda na kushuka kwa sauti. Wasomaji wangu Wakristo nao nawaambia walale Ratchathewi, kwa sababu chakula cha pale kiko karibu na mazoea yetu na hakiwasumbui watu matumbo.

Kuna maeneo mengine ambayo mtasikia yakisifiwa. Sukhumvit Soi 3, karibu na kituo cha Nana, kuna migahawa mingi ya Kiarabu na ya Kihabeshi, na hospitali kubwa ya Bumrungrad iko jirani. Ukimsindikiza mgonjwa, lala hapo bila kusita. Ukienda kununua nguo, utalipa zaidi kwa chakula kile kile, na upande wa pili wa barabara ni mtaa wa baa ambao mwanamke anayerudi usiku na mifuko yake haufurahii. Wenzetu wa Arusha wanaopeleka tanzanite hulala Silom, na wako sahihi, kwa kuwa wanunuzi wa vito wako huko. Khao San ni kwa vijana wa Ulaya wenye mikoba mgongoni, na haina treni.

Sasa chumba chenyewe. Katika eneo la Ratchathewi na Pratunam nimekuwa nikilipa kati ya baht 800 na 1,500 kwa usiku, na kwa kiasi hicho unapata chumba safi chenye kiyoyozi na bafu lake. Kabla ya kulipa, uliza kama kina dirisha, kwa sababu vyumba vya bei ya chini kabisa mara nyingi havina, na mtu akiamka gizani siku mbili mfululizo kichwa chake hakikai sawa. Uliza pia kama kuna lifti. Nyumba nyingi ndogo za wageni hazina, na wewe utarudi na marobota ya magauni wala si mkoba wa mkononi. Hoteli nyingi hudai amana ya fedha taslimu unapoingia. Itoe, lakini usiondoke mapokezi bila risiti. Hoteli moja ilikataa kunirudishia amana yangu kwa kudai kwamba taulo limepotea, nami nilikuwa nimeshachelewa kwenda uwanjani. Tangu siku hiyo napiga picha ya chumba ninapoingia na ninapotoka, na nawaagiza wote wanaonisikiliza wafanye hivyo. Wakichukua pasipoti yako kuinakili, usihamaki, maana sheria inawataka waripoti mgeni kwa idara ya uhamiaji ndani ya saa 24. Hakikisha tu kwamba umeirudishiwa. Na kwa ndugu zangu wa Unguja, doriani, lile tunda la harufu kali, msiiingize chumbani hata kama mmeikuta sokoni kwa bei ya kutupa. Hoteli nyingi zinaikataza na hutoza faini.

Kufika hotelini si kazi. Kutoka uwanja wa Suvarnabhumi kuna treni inayokwenda hadi Phaya Thai kwa karibu nusu saa, nauli yake haizidi baht 45, na njiani inasimama Ratchaprarop, jirani na Pratunam. Ukilala karibu na Soi 7, shuka Phaya Thai, upande treni ya juu kituo kimoja tu. Treni hiyo ya uwanjani hukoma karibu saa sita usiku, kwa hiyo kumbuka kwamba sisi tunaotoka Afrika Mashariki tunatakiwa kwanza kupita kwenye dawati la afya na cheti cha homa ya manjano, ndipo tujiunge na foleni ya uhamiaji.

Dada yangu wa Tanga, kuhusu unga na jiko, sikubaliani kabisa na mshauri wako. Nimewaona wanawake wenye mitaji mikubwa wakipika ugali bafuni kwa kujificha, king'ora cha moshi kikalia, wakatozwa faini iliyozidi gharama ya kula migahawani safari nzima. Nimewaona wengine wakilala na njaa ili waongeze kipande kimoja cha gauni katika mzigo, kisha wakaugua na kupoteza siku ya kununua. Unakwenda kutafuta riziki ya watoto wako, na mwili wako ndio unaobeba kazi hiyo yote. Ulishe. Tenga fedha ya chakula na ya chumba mbali na fedha ya mzigo, katika bahasha yake, na usiiguse hata ukionyeshwa gauni lililoshuka kutoka mbinguni. Anayekuambia kwamba mfanyabiashara wa kweli ni yule anayejitesa hakutakii mema, na mara nyingi ana fungu lake katika mateso hayo.

Kabla ya kukata tiketi, tazama kalenda. Tarehe 13 hadi 15 Aprili ni Songkran, mwaka mpya wao, na wakati wa mwaka mpya wa Kichina pia maduka mengi ya jumla hufungwa kwa siku kadhaa, kwa sababu wenye maduka wengi wana asili ya Kichina. Siku za Jumatatu wapishi wengi wa barabarani hupumzika, kwa hiyo usiipange Jumatatu kuwa siku yako ya kuzunguka ukitegemea vibanda.

Siku ya kuondoka, toka chumbani kabla ya saa sita mchana usije ukatozwa siku nyingine, uache mizigo mapokezi kwa stakabadhi, uende ukale Soi 7 kwa utulivu. Ikiwa ndege yako ni ya usiku, Suvarnabhumi ina kantini ya bei nafuu kwenye ghorofa ya 1, ambako unanunua kuponi kwanza na kurudishiwa salio, na wanaokula hapo wengi ni wafanyakazi wa uwanja. Migahawa ya ghorofa za juu hukutoza mara kadhaa ya bei hiyo kwa sahani ndogo zaidi. Niandikie tarehe zako ukishazijua, nami nitakuelekeza ni kibanda kipi cha Soi 7 hufunguliwa mapema asubuhi, kwa maana Pratunam hailali, na wewe utataka kuwa umeshakunywa chai kabla wenzako hawajaamka.