Amitriptilini ndani ya nyumba: nani ashike pakiti?

Kama kuna mtu nyumbani kwako ameandikiwa amitriptilini kwa ajili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, amueni mapema nani ataishika pakiti. Ya mdogo wangu naishika mimi. Ni kijana wa miaka 22, mvuvi wa dagaa Kibirizi, hapa Kigoma.

Dawa hii ni ya kundi la zamani liitwalo trisaikliki, na imetumika tangu mwaka 1961. Inasaidia watu wengi na bei yake ni nafuu. Hatari yake ni kwamba kati ya dozi inayotibu na ile inayoua hakuna nafasi kubwa. Ikizidi, mapigo ya moyo yanavurugika, mtu anapata degedege na kupoteza fahamu. Dawa za kundi jipya zaidi, kama fluoksetini, hazina ukali huo zikimezwa nyingi. Na anayekabidhiwa pakiti hii huenda ndiye huyohuyo anayewaza kufa! Kwa hiyo tuliomba tupewe vidonge vya wiki mbili tu kila tunapokwenda. Vinakaa kwenye sanduku langu lenye kufuli, mbali na watoto, na kila usiku namtolea dozi yake, anameza namwona.

Kwa kijana, wiki za mwanzo mkae naye karibu. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa zote za sonona ziwekewe onyo kwamba zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana. Mwaka 2007 onyo likafika hadi umri wa miaka 24. Muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Nafuu huchukua wiki kadhaa, lakini kero huanza mapema: mdomo kukauka, kukosa choo, kizunguzungu akiinuka ghafla, na usingizi mzito. Mdogo wangu kazi yake ni ya usiku, kwenye mtumbwi, mwezi haupo, taa zinawaka juu ya maji. Tulimweleza daktari, akamzuia kuingia ziwani mpaka mwili uzoee. Mfukoni iliuma, lakini ndivyo ilivyopaswa. Dereva wa bodaboda naye aseme kazi yake. Pombe aache kabisa.

Huo usingizi ndio unaowavuta majirani na ndugu. Mama mdogo alikuja jioni moja, akaninong'oneza, "Mwanangu, nigawie viwili tu, wiki nzima silali." Ana presha na moyo unamsumbua. Nilimkatalia kwa heshima, kesho yake nikampeleka kupima. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume, anaweza kudhurika hata kwa dozi ndogo.

Halafu kuna malaria, ambayo huku kwetu haiishi. Dawa ya mseto, ALU, na hata kwinini, zinaweza kugongana na amitriptilini kwenye mapigo ya moyo. Msiache kutibu malaria, inaua haraka. Nendeni na pakiti, mtoa huduma aione kabla hajaandika dawa. Tramado, dawa ya maumivu, nayo itajwe, maana pamoja zinaweza kuleta degedege.

Akipata nafuu atataka kuacha. Asiache ghafla: atapata kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kukatika. Kwa kawaida dawa huendelea angalau miezi 6 baada ya kupona, kisha daktari anaipunguza kidogo kidogo.

Ukihisi amemeza nyingi, usimtapishe, usimpe maziwa, usingoje uone dalili. Anaweza kuongea vizuri sasa hivi na baada ya saa moja akazimia. Tafuteni usafiri hapohapo, hata kama ni saa nane usiku, mwende hospitali, na mchukue pakiti pamoja na vidonge vilivyobaki ili wavihesabu.