Neno la Kiingereza likikushinda, lifuate kwao

Kwa miaka mingi nilikariri maneno magumu ya Kiingereza daftarini: neno kushoto, maana kulia, kumi kila siku. Wiki ikiisha nimebaki na mawili. Kilichonisaidia ni kuanza kuuliza neno limetoka wapi, badala ya kuishia kwenye maana yake.

La kwanza kunifungua macho ni la kawaida kabisa: muscle. Limetokana na musculus ya Kilatini, yaani panya mdogo. Nilikunja mkono, nikaunyoosha, nikaukunja tena huku nikiutazama msuli ukipanda na kushuka chini ya ngozi. Kweli kuna kitu kinakimbia mle ndani! Tangu siku hiyo sijasahau kuiandika ile c isiyotamkwa.

Halafu kuna defenestration, kumtupa mtu dirishani. Fenestra ni dirisha kwa Kilatini. Mei 1618, mjini Prague, Waprotestanti wenye hasira waliwarusha wawakilishi wawili wa mfalme pamoja na karani wao kupitia dirisha la ngome. Wote watatu walinusurika, lakini kisa hicho ndicho kilichowasha Vita vya Miaka Thelathini. Ukishalijua hilo, neno halikutoki tena.

Ninayoyapenda kuliko yote ni yale yaliyokatwa vibaya. Nickname zamani ilikuwa "an eke name", jina la nyongeza. Watu wakitamka harakaharaka, n ikahamia neno la pili. Apron, ile aproni ya jikoni, ikaenda kinyume: "a napron" ikageuka "an apron". Nasi tumefanya vivyo hivyo. Tulipokea kitab ya Kiarabu, ki- tukaichukulia kuwa kiambishi, tukapata vitabu.

Lakini chunga hadithi tamu mno. Niliwahi kueleza mbele ya watu kwamba posh, yaani ya kifahari, ni herufi za mwanzo za "port out, starboard home" (upande wa kushoto wa meli wakati wa kwenda, wa kulia wakati wa kurudi), zilizopigwa mhuri kwenye tiketi za matajiri waliosafiri kwa meli kati ya Uingereza na India. Msikilizaji mmoja akaniuliza kama kuna aliyewahi kuiona tiketi hiyo. Nilitafuta sana. Haijapatikana hata moja. Kwa hiyo ukiambiwa neno la zamani limeundwa kwa herufi za mwanzo, kuwa na shaka kwanza, maana mtindo huo ulikuwa nadra kabla ya karne ya 20. Fungua kamusi ya Oxford ile kubwa, tazama mwaka ambao neno lilionekana katika maandishi kwa mara ya kwanza, ndipo usimulie.

Siku hizi naandika maneno mawili tu kwa siku, na chini ya kila moja sentensi ya asili yake. Jana niliandika serendipity, yaani kupata jambo jema kwa bahati bila kulitafuta: mwandishi Mwingereza Horace Walpole alilibuni katika barua ya 1754, kutokana na hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, jina la kale la Sri Lanka. Leo ni zamu ya clue, yaani kidokezo, ambayo mwanzoni ilikuwa donge la uzi.