Kabla ya Kununua Feni Kubwa, Punguza Wati

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii akiomba nimchagulie kipoza joto cha kompyuta yake ya mezani, kwa sababu anapohariri video usiku feni huvuma mno na chumba hakikaliki. Fedha aliyotenga inatosha kupata kifaa cha maana. Hata hivyo, jibu langu ni kwamba asinunue chochote kwanza. Kipoza joto hakipunguzi joto. Hulihamisha tu kutoka kwenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kulimwaga chumbani. Prosesa inayokula wati 140 itakitia chumba joto la wati 140, iwe imefungwa feni ya bei ya kutupa au mtambo wa maji wenye taa za kila rangi. Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa, na anayelazimika kufunga madirisha mwezi wa Februari ili mlio wa bodaboda usiingie kwenye maikrofoni, hahitaji kuelezwa maana ya wati 140 za ziada.

Mimi najipatia riziki kwa kurekodi sauti za matangazo na masimulizi, na maikrofoni yangu iko meza ileile yenye kompyuta. Kuna mteja, ambaye sitamtaja, aliyewahi kunirudishia kazi nzima kwa ujumbe wa maneno manne: "Kuna upepo nyuma yako." Kazi akapewa mwingine. Nilipokwenda kwa fundi aliniuzia kipoza joto kikubwa kuliko nilichokuwa nacho, akaniapia kwamba tatizo limekwisha. Mvumo ulipungua kidogo, joto likabaki lilelile, na fedha ikawa imekwenda. Hadi leo nikimwona mtu akishauriwa kununua feni kama tiba ya kwanza, moyo hunidunda.

Prosesa yangu ni Ryzen 7 5800X ya AMD, iliyotoka Novemba 2020. Kwenye boksi imeandikwa wati 105, lakini kikomo halisi cha umeme unaoingia, kinachoitwa PPT, ni wati 142. Viini vyake 8, yaani sehemu zinazofanya hesabu, vyote vimekaa kwenye kipande kimoja cha silikoni chenye eneo la milimita za mraba zipatazo 80, kwa hiyo joto lote hutokea mahali padogo sana, na hata bamba kubwa la shaba hupata shida kulifyonza kwa kasi inayotakiwa. Ndiyo maana hufika nyuzi 80 na zaidi wakati kipoza joto chenyewe ukikigusa ni vuguvugu tu.

Watengenezaji hushindana kwa alama za majaribio, na asilimia chache za mwisho za kasi ndizo zinazogharimu umeme mwingi kuliko zote. Umeme unaoliwa hufuata masafa (kasi ya prosesa inayopimwa kwa gigahezi) mara volteji mara volteji tena. Ukishusha volteji kwa asilimia 10 huku masafa yakibaki palepale, matumizi ya viini hushuka kwa karibu asilimia 19. Kinyume chake, ili kupanda gigahezi kidogo zaidi juu kabisa ya uwezo wake, prosesa hudai volteji nyingi isiyolingana na faida.

Nilichofanya ni kuingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, na kuwasha Eco Mode, hali ya kubana umeme, ya wati 65. Hiyo 65 ni namba ya jina tu, kama ile 105 ya kwenye boksi; kikomo chake halisi ni wati 88. Kwa bodi mama ambazo hazina jina hilo, ingia sehemu ya PBO, inayosimamia nyongeza ya kasi, na uandike vikomo vyenyewe: PPT 88 (wati), TDC 60 na EDC 90 (ampea za mkondo wa muda mrefu na za kilele). Hapo prosesa haiwezi kuvuka wati 88 hata ukiielemea namna gani. Kazi ya kuzalisha faili la video iliyokuwa ikichukua dakika kumi sasa inakaribia kumi na moja. Kurekodi, kuandika na kufungua kurasa za intaneti sijaona tofauti yoyote, kwa kuwa kazi hizo hazikuwahi kufika kikomo hicho. Rafiki yangu mmoja alinicheka, akasema nimenunua gari la mbio nikalifunga kamba. Acheke. Nikimpigia simu, naisikia mashine yake kabla ya sauti yake.

Wenye prosesa za Intel wana njia ileile kwa jina lingine: PL1 na PL2, vikomo vya wati vya muda mrefu na vya muda mfupi. Core i9-13900K imepangiwa na mtengenezaji kikomo cha wati 253, na bodi mama nyingi zilikuwa zikiuzwa zikiwa zimekiondoa kikomo hicho kabisa. Andika 125 katika zote mbili, kisha sikiliza.

Hatua ya pili inataka subira zaidi. Kwenye prosesa za Ryzen kama yangu, sehemu ya BIOS iitwayo Curve Optimizer huruhusu kushusha volteji ya kila kiini kwa vipimo vidogo, kila kimoja kikiwa karibu milivolti 3 hadi 5. Anza na hasi 10 kwa viini vyote. Wengi hukimbilia hasi 30, wanapitisha jaribio zito la nusu saa, wanajipongeza, halafu kompyuta inajizima yenyewe usiku ikiwa haina kazi. Hakuna muujiza hapo: chini ya mzigo mzito masafa huwa ya wastani, ilhali kwenye kazi nyepesi kiini kimoja hurukia masafa ya juu kabisa, na hapo ndipo upungufu wa volteji huonekana. Pima kiini kimoja kimoja kwa programu ya CoreCycler, kisha kagua kumbukumbu za Windows kama kuna makosa ya WHEA-Logger, yaani hitilafu za vifaa vyenyewe. Viini bora kabisa, vile vinavyopanda juu kuliko vingine, kwa kawaida ndivyo visivyovumilia kupunguziwa.

Sasa feni. Sikio huzoea mvumo ulio sawa. Kinachokera ni feni inayopanda na kushuka. Joto la prosesa linaweza kuruka nyuzi 15 ndani ya sekunde moja kwa sababu umefungua ukurasa tu, na feni iliyopangwa na kiwanda hulikimbilia kila ruko. Panga mwendo mmoja wa chini hadi nyuzi 60 au hata 65, kisha uipe feni ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kabla ya kuongeza kasi. Feni ikishushwa hadi nusu ya mizunguko yake, sauti yake hupungua kwa takriban desibeli 15, na hiyo ni tofauti ambayo maikrofoni inaikubali.

Asije mtu akafanya haya akitarajia kutajirika kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania. Ukiokoa wati 50 kwa saa nane za kazi nzito kila siku, mwezi mzima ni uniti kama 12, yaani shilingi elfu nne na ushei kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya 356 kwa uniti. Tena, kompyuta ikikaa bure Eco Mode haisaidii chochote, kwa sababu vikomo hivyo haviguswi wakati huo. Faida iko kwenye sauti safi, kwenye chumba, na kwenye UPS ndogo, betri ya akiba, ambayo umeme ukikatika sasa inanipa muda wa kumaliza sentensi na kuhifadhi faili bila kuhangaika. Vijana wenzangu, acheni kuabudu alama za majaribio ambazo hakuna mteja atakayewalipa kwa ajili yake. Mteja husikiliza rekodi, haulizi gigahezi.

Kwa wenye kompyuta za ofisini za mtumba ambazo BIOS yake imefungwa, nendeni kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na muweke kikomo cha juu cha prosesa (Maximum processor state) kuwa asilimia 99. Nyongeza ya kasi huzimika papo hapo. Kazi nzito zitachelewa zaidi kuliko kwa Eco Mode, lakini mvumo hukatika. Na wale wanaogusa BIOS wapige picha ya kila ukurasa kwa simu, kwa kuwa BIOS ikisasishwa mara nyingi hufuta kila kitu, na wati 142 hurudi bila kubisha hodi.