Maswali ya Wafugaji: Vifaranga 20 uani

SWALI: Nina ua mdogo nyuma ya nyumba. Nataka kuanza na vifaranga 20 wa aina ya Kuroiler, wa siku moja. Nianzie wapi, na balbu moja itatosha kuwapa joto? (Mama wa watoto wanne, Arua)

JIBU: Dada, anzia kwenye banda. Wengi hununua boksi la vifaranga ndipo waanze kutafuta mbao, na wale wadogo wanaishia kulala jikoni kwenye moshi. Kuku 20 wakishakua wanataka mita 5 za mraba, yaani chumba cha mita 2 kwa 2.5. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiwachome. Ukuta uwe wa kimo kifupi, na juu yake weka wavu wa matundu ya nusu inchi. Ule wa matundu makubwa unamzuia kuku asitoke, lakini panya anapita na nguchiro anaingiza mkono.

Ndani ya banda, zungushia boksi gumu au karatasi ya plaiwudi yenye kimo cha sentimita 45, upate duara la upana wa mita 1 hivi. Liwe duara kweli, kwani penye kona vifaranga hurundikana usiku na wa chini hukosa hewa. Sakafuni mwaga maganda ya kahawa makavu au maranda, unene wa sentimita 5 hadi 8. Gazeti tupu huteleza na miguu yao hupanuka isirudi.

Sasa balbu. Ile ya zamani yenye uzi ndani, ya wati 60 au 100, inawatosha 20. Za LED hutoa mwanga tu, usizitegemee. Wiki ya kwanza joto la pale walipo liwe nyuzi 33 hadi 35, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki kwa kuinua balbu. Usipokuwa na kipimajoto, watazame wenyewe: wakijikunja chini ya balbu huku wakilia, wana baridi, wakikimbilia ukingoni midomo wazi, wanaungua, wote wakibanana upande mmoja, kuna upepo unaopenya upande wa pili. Wakitawanyika na kulala wamejinyoosha kama nguo zilizoanikwa, waache.

Umeme ukikatika, chungu cha mkaa au sigiri itasaidia, ila mkaa uwashwe nje mpaka moshi uishe kabisa, na juu ya banda pabaki pa kutolea hewa. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua vifaranga, hata mtu pia.

Siku wanapofika, wape kwanza maji, na kila mmoja umchovye mdomo. Chombo kiwe cha kina kifupi chenye kokoto ndani, wasizame. Saa chache baadaye papasa kifuko cha chakula chini ya shingo: kikiwa kitupu, huyo hajajua kula. Chakula cha kuanzia tenga kama kilo 2 kwa kila kifaranga hadi wiki ya 8, jumla kilo 40. Na uulize muuzaji kama walichanjwa dhidi ya ugonjwa wa Marek siku walipoanguliwa, maana baadaye umechelewa.

Kinachoua wengi kati ya wiki ya 3 na ya 6 ni kuharisha damu. Vijidudu vyake vinahitaji unyevu, kwa hiyo eneo la chombo cha maji ndilo hatari. Kiinue juu ya matofali, na maganda yaliyolowa yatoe siku hiyohiyo.

SWALI: Niliwachanja mdondo (Newcastle) kwa kutia dawa kwenye maji ya bomba. Baada ya miezi miwili kuku 9 wamekufa, kinyesi kijani na shingo imepinda. Chanjo ilikuwa feki? (Msomaji, Busia)

JIBU: Pole, ndugu. Huenda chanjo ilikuwa nzima na maji ndiyo yaliyoiua. Chanjo hiyo ni virusi hai, na klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, haichagui. Tumia maji safi ya mvua, na kila lita itie gramu 2.5 za unga wa maziwa yaliyoondolewa mafuta. Waweke kuku bila maji saa 1 hadi 2 kabla, ili wote wamalize kunywa ndani ya saa 2. Tangu dukani chupa ikae kwenye barafu. Ikibaki, imwage, haifai kesho.

Kwa kundi dogo mimi ningeacha kabisa habari ya maji. Tone moja kwenye jicho moja, umngoje kuku apepese, ndipo umwachie. Hapo unajua nani amepata. Rudia kila baada ya miezi 3. Chanjo ya mdondo ya aina ya I-2 inastahimili joto kuliko nyingine, inawafaa walio mbali na friji. Kuku aliyekwisha kuambukizwa chanjo haimwokoi, na anayetoka sokoni akae peke yake wiki 2 kabla ya kuchanganywa. Mizoga choma au fukia, usiuze.

SWALI: Matetea wangu wana miezi 7, wanapata pumba za mahindi tu, mayai ni mawili matatu kwa wiki. Niwawashie taa usiku? (Kijana wa Kasese)

JIBU: Hapo ulipo ni karibu na mstari wa ikweta, mchana una saa 12 mwaka mzima. Shida si taa, ni sahani. Pumba zinashibisha ila protini ni haba: ongeza mukene (dagaa wakavu) na soya iliyokaangwa, na chombo cha pembeni chenye maganda ya konokono yaliyopondwa. Mukene uusugue kiganjani kwanza, maana mara nyingi umejaa mchanga na unalipia uzito wake. Mtaga mayai anataka gramu 120 hivi za chakula kamili kwa siku.

SWALI: Bila jogoo watataga? (Msomaji, Koboko)

JIBU: Watataga. Jogoo ni wa vifaranga tu, mmoja kwa matetea 8 hadi 10.