Maswali ya Wasomaji: Mlio Unaokuja na Kuondoka Chini ya Gari

SWALI: Ndugu Mshauri, nina gari la fowili lenye gia za mkono, ambalo kwa kawaida huvuta kwa magurudumu ya nyuma, na ya mbele huunganishwa pale tu ninapohitaji. Kwa miezi minne sasa limekuwa likitoa mlio mwembamba, kwi-kwi-kwi, mfano wa kifaranga aliyepotezana na mama yake, ninapoondoka taratibu au ninapokaribia kusimama. Nikifika mwendo wa kilomita 30 kwa saa siusikii tena. Huanza baada ya safari za tope au za kuvuka maji, ambako hulazimika kushuka na kufunga habu (vitovu) za magurudumu ya mbele kwa kuzungusha vifundo vyake, na mara nyingi husahau kuzifungua hadi siku ninayoliosha gari. Mlio hudumu siku nne au tano, kisha hupotea hata kwa wiki mbili. Fundi wa kwanza alibadilisha beringi za magurudumu ya mbele, wa pili akabadilisha pedi za breki, na mara zote mbili niliamini limepona hadi safari iliyofuata. Jambo linalonichosha zaidi ni kwamba kila ninapoliosha na kulipeleka gereji, halilii hata kidogo. Nimeanza kuogopa kuipakia familia yangu.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa gharama na kwa wasiwasi. Barua yako imetusaidia kuliko vile ulivyodhani, kwa kuwa ndani yake umetaja habu, umetaja kuosha gari, na umetaja ukimya wa gereji. Mambo hayo matatu ni jambo moja. Unapoliosha gari ndipo unapokumbuka kufungua habu, na gari lililofunguliwa habu ndilo linalofika mbele ya fundi. Mafundi wako wote wawili walikuwa wakitibu gari ambalo sehemu yake inayolia ilikuwa imesimama.

Habu zikiwa zimefungwa, hata kama kigia cha fowili hakijaunganishwa, magurudumu ya mbele huzungusha ekseli zake, ekseli huzungusha difu ya mbele (sanduku la meno lililo kati ya ekseli hizo), na difu huizungusha propela shafti ya mbele, yaani ile fimbo ndefu ya chuma, hadi kwenye transfa, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, yote hayo bila kazi yoyote. Ukizifungua, gurudumu linaendelea kuzunguka peke yake, na vyote vilivyo nyuma yake vinatulia. Beringi ya gurudumu na diski ya breki huzunguka katika hali zote mbili. Kwa hiyo, kama mlio unakufa kwa kufungua habu tu, beringi na breki hazikuwa na hatia tangu mwanzo.

Tunakuomba ufanye jaribio hili kabla ya kumpa mtu yeyote spana. Tafuta kipande cha barabara tambarare kisicho na magari, kikiwa na ukuta au ukingo wa kurudisha sauti, ufungue vioo, na upite hapo kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, habu zikiwa zimefungwa na kigia cha fowili kikiwa hakijaunganishwa. Ukishausikia mlio, weka nyutro na uliache gari liserereke; ukiendelea kulia, injini imeondoka kwenye orodha ya washukiwa. Simama, fungua habu zote mbili, kisha upite tena palepale kwa mwendo uleule. Usibadilishe kitu kingine chochote kati ya mapito hayo mawili, kwani ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua ni kipi kilichokupa jibu.

Sikiliza pia kasi ya mlio wenyewe. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 78 hivi hutembea karibu mita 2.45 katika kila mzunguko, na kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa huzunguka mara moja na kidogo tu kwa sekunde. Propela shafti huzunguka haraka zaidi, kulingana na uwiano wa meno ya difu. Uwiano ukiwa 4.1, huzunguka zaidi ya mara nne na nusu katika sekunde hiyo hiyo. Kilio cha pole unachoweza kukihesabu kwa kugonga kidole gotini ni cha gurudumu, lakini kifaranga anayelia mfululizo bila kupumua, kama wako, yuko kwenye shafti.

Mshukiwa wetu mkuu, basi, ni krosi ya propela shafti ya mbele, yaani kile kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiwezesha shafti kuzunguka ikiwa imepinda. Kila ncha ya msalaba imevishwa kikombe kidogo chenye vyuma vyembamba kama sindano, ambavyo huishi kwa grisi. Maji yakipenya kwenye sili iliyochoka, grisi huoshwa, kutu huanza, na chuma kikavu hulia juu ya chuma kikavu. Katika mwendo mkubwa kilio hicho mara nyingi hufunikwa na kelele za tairi na upepo, lakini hakijapona.

Kagua gari likiwa kwenye sakafu imara na tambarare, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwako, na magurudumu yamewekewa vigingi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Chukua tochi utazame pembezoni mwa vikombe vya krosi: unga mwekundu wa kutu, mkavu, unaobaki kwenye kidole kama vumbi la tofali, ni ushahidi tosha. Kisha shika shafti kwa mkono mmoja na flenji yake, kile kisahani inachofungwa kwacho, kwa mkono mwingine, uzisokote kwa kupishana. Hapo hapatakiwi kuchezacheza hata kidogo.

Kama krosi ina chuchu ya kupitishia grisi, sukuma grisi mpya hadi itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Ikitokeza kwenye vitatu tu, kile cha nne kimeziba na ndicho kinachokauka. Lakini ukiona kutu au kuchezacheza, usijidanganye kwa grisi: itanyamazisha mlio kwa muda mfupi na kukuachia hatari ileile, kwa sababu krosi ikivunjika, shafti inaweza kuanguka na kupiga chini ya gari likiwa mwendoni. Ibadilishwe. Kabla ya kuifungua shafti, fundi atie alama ya rangi kwenye shafti na flenji ili kila kitu kirudi katika mkao wake. Shafti iliyorudishwa ovyo huweza kuleta mtikisiko ambao hukuwa nao.

Kwa kuwa unavuka maji, mwambie pia akague oili ya difu zote mbili. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji, mara nyingi kwa sababu bomba la kupumulia difu limeziba.

Endapo mlio utabaki hata habu zikiwa wazi, tuandikie tena. Hapo tutaanza na bati linalokinga diski za breki, ambamo kokoto hupenda kunasa.

SWALI: Gari langu nalo ni fowili ya kuunganisha kwa kigia. Siku nyingine nikitoka kwenye tope na kuingia lami, linakuwa zito kwenye kona, linapiga kishindo chini, na kigia kinagoma kutoka. Siku nyingine halina tatizo. Je, difu imekufa?

JIBU: Hatudhani hivyo. Katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na magari ya aina yako kwa kawaida hayana difu ya katikati ya kufidia tofauti hiyo. Kwenye tope tairi huteleza kidogo na mambo yakaisha. Kwenye lami kavu haziwezi, hivyo shafti hujisokota hadi tairi mojawapo iachie kwa kishindo. Toa fowili kabla ya kugusa lami. Kigia kikigoma, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, msokoto utalegea, nacho kitatoka chenyewe bila kulazimishwa. Kishindo kikiendelea hata gari linapovuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake, hasa wakati wa kuondoka na wakati wa kusimama, anza kwa kupaka grisi sehemu ya propela shafti ya nyuma yenye meno yanayoteleza, ambayo mafundi wengi huisahau.